Jinsi ya Kusoma Nakshi za Palais Garnier: Mwongozo Kamili wa Jumba la Opera la Paris, Kuanzia Barabarani Hadi Chini ya Thurea

Nakshi za Palais Garnier zina mpangilio wake. Charles Garnier, msanifu aliyelibuni jumba hili, alizipanga zifuate nyayo za mtu anayetoka barabarani, akapanda ngazi, akapumzika kidogo, halafu akaketi kusubiri pazia lifunguliwe. Ukirukia katikati utaona dhahabu tupu, na baada ya nusu saa macho yatachoka. Ukipita njia aliyoikusudia yeye, kila sanamu na kila rangi ya jiwe itakueleza uko wapi na unaelekea wapi.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye ngazi kuu kwa sababu ndiyo niliyoiona kwenye picha. Nikatoka bila kujua kwamba nilipita chini ya saini ya msanifu mwenyewe bila kuinua kichwa. Saini hiyo nitakuonyesha mwisho wa mwongozo huu. Kwa sasa tenga muda wa saa tatu, na usiubane kati ya safari mbili nyingine.

Kabla hujatoka nyumbani

Palais Garnier liko katika mtaa wa 9 wa Paris. Shuka kituo cha metro cha Opéra, kinachohudumiwa na njia za 3, 7 na 8. Ukipanda juu tu, jumba liko mbele yako. Lakini usipange foleni kwenye milango ya mbele. Watalii wa mchana huingilia pembeni, kwenye kona ya barabara za Scribe na Auber.

Tiketi ya kutembelea jengo mchana ni tofauti na tiketi ya onyesho la usiku. Tena shirika la Opera ya Paris lina majumba mawili, hili la Garnier na lile jipya la Bastille lililofunguliwa mwaka 1989. Ukinunua tiketi ya onyesho, soma vizuri imeandikwa jumba gani. Wako watu wanaojikuta Bastille wakitafuta dhahabu isiyokuwepo.

Jambo la kuangalia zaidi ni kama ukumbi wa maonyesho utakuwa wazi siku hiyo. Hili ni jumba linalofanya kazi, na wachezaji wanapofanya mazoezi wageni huzuiwa kuingia ukumbini. Mara nyingine kuna ukarabati, na sehemu ya nje huwa imefunikwa. Tazama tovuti rasmi kabla ya kulipa. Kama ukumbi umefungwa na una siku nyingine, subiri siku hiyo nyingine.

Beba darubini ndogo, ile ya kutazamia ndege. Nakshi nyingi nzuri ziko juu sana, na kamera ya simu hukupa picha ya kupeleka nyumbani, haikupi kuona. Beba pia daftari dogo. Nitaeleza kazi yake.

Historia kidogo tu, ile utakayoihitaji ukiwa ndani

Tarehe 14 Januari 1858 Mfalme Napoleon III alikuwa akienda kwenye opera ya zamani, barabara ya Le Peletier, mabomu yakarushwa kwenye msafara wake. Yeye alipona, watu wengine walikufa. Baada ya hapo ikaamuliwa lijengwe jumba jipya ambalo mfalme angeweza kuingia bila kushukia barabarani. Kumbuka hilo utakapofika upande wa magharibi.

Shindano la michoro likatangazwa mwishoni mwa mwaka 1860, ikaletwa michoro 171. Miongoni mwa walioshindana alikuwa Viollet-le-Duc, msanifu mwenye jina kubwa Ufaransa nzima. Mshindi wa mwaka 1861 akawa Garnier, kijana wa miaka 35 ambaye watu wachache walimjua, mtoto wa fundi aliyezaliwa katika mtaa wa Mouffetard. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 1862. Msingi wenyewe ulijaa maji ya chini ya ardhi, ikabidi pampu za mvuke zifanye kazi usiku na mchana kwa miezi kadhaa. Hatimaye Garnier akajenga tangi kubwa lenye kuta mbili chini ya jukwaa. Tangi hilo bado lipo na lina maji, na wazimamoto wa Paris hulitumia kufanyia mazoezi ya kupiga mbizi.

Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vikamwondoa mfalme, ujenzi ukasimama, na jengo lisilokamilika likageuzwa ghala la chakula. Kisha Oktoba 1873 ile opera ya zamani ikateketea kwa moto. Serikali mpya, ambayo haikuwa na hamu na jumba la mfalme aliyeondoka, ikalazimika kulimalizia. Likafunguliwa tarehe 5 Januari 1875.

Hatua ya 1: Simama mbali

Teremka barabara ya Avenue de l'Opéra kuelekea Louvre, hatua mia mbili au tatu, kisha geuka. Barabara hii haina miti. Paris imejaa barabara zenye miti, lakini Garnier aliomba hapa isipandwe, jumba lake lisije likazibwa.

Kutoka hapo utaona mafungu matatu yanayopandana. La mbele ni refu na limenyooka, na lina nguzo. Nyuma yake kuna kuba la shaba lililogeuka kijani kwa hewa na mvua. Nyuma ya kuba kuna paa la pembetatu lililo juu kuliko vyote. Chora mistari mitatu kwenye daftari, uyaandike majina: fungu la mbele ni kumbi za mapumziko na nyuma yake ngazi kuu, kuba ni ukumbi wa watazamaji, na pembetatu ya nyuma ni mnara wa jukwaa ambamo mandhari za maonyesho huning'inizwa kwa kamba. Garnier alitaka mtu aliye nje aweze kujua ndani kuna nini. Ukishaujua mchoro huu hutapotea ndani, hata bila ramani.

Juu kabisa ya pembetatu yuko Apollo, mungu wa muziki wa Wagiriki wa kale, akiinua kinubi. Kazi hiyo ni ya mchongaji Aimé Millet. Kiangalie sana kile kinubi kwa darubini: mikono miwili, kijiti kinachoiunganisha kwa juu, na nyuzi katikati. Ukiwahi kuona nyatiti ya Waluo au litungu ya Wabukusu, hilo ni umbo la ukoo mmoja. Likariri, kwa maana utakutana nalo ndani mahali usipopategemea. Hapo juu kinubi kina kazi ya pili pia, kinakinga radi.

Hatua ya 2: Soma uso wa jengo kutoka chini kwenda juu

Rudi hadi uwanjani, usimame upande wa pili wa barabara. Macho yatataka kukimbilia sanamu za dhahabu za juu. Yazuie, uanze chini.

Chini kuna matao saba, na kando ya milango makundi manne makubwa ya sanamu za mawe. Tafuta lile la upande wa kulia lenye watu wanaozunguka wakicheza, kijana ameinua mkono katikati yao. Hiyo ndiyo Ngoma, kazi ya Jean-Baptiste Carpeaux. Sasa lilinganishe na makundi mengine. Wale wengine wamesimama wima, wametulia, kila mmoja mahali pake kama wanaopigwa picha ya harusi. Wa Carpeaux wanacheka, wanayumba, miili yao inavuka mpaka wa jiwe walilowekewa. Aliombwa kundi la watu watatu tu, yeye akatoa duara zima.

Lilipofunuliwa mwaka 1869 watu walikasirika kwa uchi wake na furaha yake. Agosti mwaka huo mtu asiyejulikana alilirushia chupa ya wino usiku. Ikaamriwa liondolewe, na mchongaji mwingine, Charles Gumery, akapewa kazi ya kutengeneza mbadala. Vita vikaingia, Gumery akafariki mwaka 1871, na Ngoma ikabaki palepale. Kwa macho yangu ndiyo sanamu bora ya jengo zima, ndani na nje. Unayoiona leo ni nakala iliyochongwa na Paul Belmondo. Ya asili iliondolewa mwaka 1964 ili moshi wa mji usiendelee kuila, na sasa iko katika makumbusho ya Musée d'Orsay, hapo hapo Paris. Ukipata nafasi nenda kaitazame kesho yake, ukae kimo kimoja nayo.

Panda kwa macho hadi roshani ya juu ya matao. Nguzo kubwa zimesimama mbili mbili, na kati yake kuna nguzo ndogo za jiwe la rangi. Juu ya hizo ndogo kuna matundu ya mviringo, kila moja na kichwa cha mtunzi wa muziki kilichotiwa dhahabu. Kutoka kushoto ni Rossini, Auber, Beethoven, Mozart, Spontini, Meyerbeer na Halévy. Mozart amekaa katikati. Majina mengine leo hayasikiki sana, lakini wakati ule Meyerbeer na Halévy ndio walioujaza ukumbi. Rossini alifariki mwaka 1868 na Auber mwaka 1871, wote wawili wakiishi Paris ujenzi ukiendelea. Ni nadra jumba kuwaweka ukutani watu ambao bado hukutana na jirani zao njiani.

Angalia sasa rangi. Nyumba za jirani zote ni za jiwe moja la rangi ya malai, kama mji ulivyopangwa upya enzi zile. Garnier hakuipenda hali hiyo ya rangi moja. Ndiyo maana jengo lake lina wekundu, ukijani, uwaridi na dhahabu vikiwa pamoja, na kwa muda mrefu masizi yalivificha hadi uso huu uliposafishwa na kurudishiwa rangi zake mwaka 2000.

Juu ya nguzo kuna mstari wa vinyago vya maigizo, na katikati ya nakshi utaona herufi N na E. Ni za Napoleon III na utawala wake. Mfalme aliondolewa kabla jumba halijafunguliwa, na maandishi makubwa yaliyokuwa yakilitaja kuwa ni la kifalme yakabadilishwa yakawa la taifa, yaani "Académie Nationale de Musique". Herufi zenyewe zikabaki.

Mwisho ndiyo ruhusa ya kutazama yale makundi mawili ya dhahabu kwenye pembe za juu, Upatanifu kushoto na Ushairi kulia. Ni kazi ya yuleyule Gumery. Zinaonekana kama madini mazito yaliyomiminwa, lakini ziliundwa kwa mbinu iliyokuwa mpya: umeme ulitumika kutandaza tabaka la shaba juu ya umbo, kisha ikatiwa dhahabu.

Hatua ya 3: Zunguka jengo

Watu wengi huiruka hatua hii, na ni hasara. Upande wa magharibi, barabara ya Scribe, kuna banda la mviringo lenye njia mbili za mteremko zinazopanda hadi mlangoni. Hapa ndipo gari la farasi la mfalme lingeingia na yeye ashukie ndani, asionekane na mwenye bomu. Hakulitumia hata mara moja. Aliondolewa madarakani Septemba 1870 na kufariki uhamishoni Uingereza Januari 1873. Nakshi za baadhi ya vyumba vya banda hili hazikumaliziwa, na sasa humo mna maktaba na makumbusho ya opera. Karibu na hapo kuna mnara wa kumbukumbu ya Garnier, na juu yake kichwa chake kilichotengenezwa na Carpeaux. Chini yake imechorwa ramani ya jumba kwa dhahabu. Linganisha ramani hiyo na mistari yako mitatu.

Upande wa mashariki kuna banda jingine, la wateja wa kudumu, wale waliolipia viti vyao kwa msimu mzima. Nao waliingia na magari yao ya farasi. Mwenye tiketi ya siku moja aliingia kwa mbele, kwa miguu. Kwetu pwani mlango wa nakshi humwambia mpita njia ukubwa wa mwenye nyumba. Hapa milango ni mitatu, na kila tabaka la watu lilikuwa na wake.

Hatua ya 4: Ingia kwa kupitia chini

Mlango wa watalii hukuingiza kwenye sehemu ya chini ya jengo. Utapita ukumbi wa mviringo wenye dari ya chini na nguzo nene, mwanga hafifu. Unaitwa Rotonde des Abonnés, na uko chini kabisa ya ukumbi wa maonyesho. Wenye magari ya farasi walishukia karibu na hapa. Tutarudi.

Mbele kidogo, chini ya ngazi kuu, kuna bwawa dogo na sanamu ya shaba ya mwanamke aliyepandwa na pepo: nywele zimevurugika, mwili umejipinda. Ni Pythia, mwaguzi wa Delphi, hekalu la Apollo la Wagiriki wa kale. Jina la mchongaji limeandikwa Marcello, jina la kiume, lakini aliyeichonga ni mwanamke wa Uswisi, Adèle d'Affry, mke wa marehemu mtukufu wa ukoo wa Colonna. Alitumia jina la kiume ili kazi zake zipimwe kama kazi. Garnier mwenyewe ndiye aliyeichagua sanamu hii. Kaa nayo dakika tano. Utaona mahali hapa ni pa giza makusudi: dari ya chini, maji, mwaguzi. Garnier anakubana kidogo ili hatua inayofuata ikufungue.

Hatua ya 5: Ngazi kuu

Toka kwenye giza uingie kwenye uwazi wenye kimo cha mita 30. Usipande bado. Simama chini, pembeni, karibu na moja ya zile sanamu mbili za wanawake wa shaba wanaoinua mashada ya taa. Zilitengenezwa na Carrier-Belleuse.

Anza na mawe, maana ngazi hii ni darasa la mawe. Vipandio ni marumaru nyeupe ya Seravezza, Italia. Kitako cha kizuizi cha pembeni ni marumaru ya kijani kutoka Sweden. Vijiguzo vilivyosimama juu ya kitako ni vyekundu. Na kishikio unachokiwekea mkono ni jiwe la oniksi kutoka Algeria, la manjano lenye mishipa, ambalo mwanga hulipenya kidogo. Weka kiganja juu yake unapopanda. Ni moja ya nakshi za jumba hili zilizotengenezwa kwa ajili ya mkono. Algeria ilikuwa chini ya utawala wa Ufaransa tangu mwaka 1830, na jiwe hili lilikuja Paris kwa njia hiyo. Napenda mgeni kutoka Afrika alijue hilo anapolishika.

Sasa inua macho kwenye nguzo za marumaru zinazozunguka. Kati yake kila ghorofa ina viroshani vilivyojitokeza, na vyote vinatazama ngazi. Hapa ndipo Garnier alipoonyesha kwamba amewaelewa watu wake. Matajiri wa Paris walikuja opera kutazamana kabla ya kutazama jukwaa. Macho hayana pazia, nasi tunasema. Basi akawajengea jukwaa la kwanza, ambalo wachezaji wake ni watazamaji wenyewe: anayepanda anaonekana na ghorofa zote, na aliyeko juu anajua zamu yake ya kuonekana ilishapita au inakuja.

Fanya jaribio dogo. Panda fungu la kwanza hadi pale ngazi inapogawanyika mara mbili. Mbele yako kuna mlango wenye sanamu mbili za kike zilizousimamia, Msiba na Kichekesho, miili yao ni mawe ya rangi na shaba kwa pamoja. Geuka nyuma utazame ulikotoka, kisha panda kushoto hadi kwenye kiroshani, uangalie wageni wanaopanda sasa. Bila kujua, nao wananyoosha mgongo wakifika hapo katikati.

Dari ilichorwa na Isidore Pils, katika sehemu nne. Tumia darubini utafute ile inayoonyesha Mji wa Paris ukipokea mchoro wa opera mpya. Jengo limejichora ndani yake lenyewe.

Jambo moja halionekani. Nyuma ya mawe haya yote kuna chuma. Sakafu na mapaa yanabebwa na mihimili ya chuma ambayo Garnier aliifunika. Sultani Barghash wa Zanzibar alipita Paris mwaka uleule wa 1875, na jumba lake la Beit al-Ajaib lilipojengwa mwaka 1883, nguzo zake za chuma ziliachwa wazi, ndizo zilizobeba varanda na kuwashangaza watu. Zama ni zilezile na chuma ni kilekile. Paris kilivishwa marumaru, Forodhani kikawa ndicho chenyewe cha kuonekana.

Hatua ya 6: Kumbi za mapumziko

Kutoka ngazini utapita kwanza ukumbi mwembamba wa utangulizi. Inua kichwa mara moja, kwa sababu dari ni ya mozaiki juu ya uwanja wa dhahabu, vipande vidogo mno vya rangi, kazi ya mafundi wa Kiitaliano, Facchina na Salviati. Tembea hatua chache huku ukiitazama. Vile vipande havikulazwa sawasawa, kwa hiyo dhahabu inawaka na kuzimika kadiri unavyosogea.

Kisha Grand Foyer, ukumbi mkuu wa mapumziko: urefu mita 54, upana 13, kimo 18. Wageni wengi husimama mlangoni na kupiga picha, wakaondoka. Wewe fanya kazi tatu.

Kwanza, hesabu vinubi. Viko kwenye vichwa vya nguzo, kwenye wavu wa chuma unaotoa hewa ya moto, hata kwenye vitasa vya milango. Weka alama kwenye daftari kwa kila unachokiona. Ukifika ishirini, utaelewa kwamba kile kinubi cha Apollo ulichokiona kutoka barabarani kimeteremka hadi kwenye kiganja cha mtu anayefungua mlango.

Pili, chunguza dhahabu. Chagua ua moja la plasta na ulitazame kwa darubini kutoka chini, kisha kutoka pembeni. Garnier hakuwa na fedha za kupaka dhahabu kila mahali. Dhahabu halisi iliwekwa kwenye sehemu zilizojitokeza, zile zinazopokea mwanga, na mashimo yakapakwa rangi ya manjano inayofanana. Jicho linakamilisha lenyewe. Mimi naona hii ni akili kubwa kuliko kupaka kote, kwa sababu dhahabu tupu isiyo na kivuli hufuta umbo la nakshi.

Tatu, nenda katikati, upande wa madirisha. Huko kuna kichwa cha Garnier, nakala ya kazi ya Carpeaux. Simama karibu naye utazame nje: barabara isiyo na miti inanyooka hadi Louvre. Ndipo uliposimama mwanzo. Geuka uone vioo vinavyoupokea mwanga wa madirisha na kuurefusha ukumbi. Dari ni ya Paul Baudry, kuhusu historia ya muziki.

Ukiwa na muda, fuata ujia hadi Salon du Glacier, chumba cha mviringo chenye mwanga, na dari ya Clairin iliyojaa wanawake wa karamu. Mazulia ya ukutani yanaonyesha vinywaji, chai na kahawa zikiwemo. Kilikuwa chumba cha viburudisho, na nakshi zake zinasema hivyo waziwazi.

Hatua ya 7: Ukumbi wa maonyesho

Wageni wa mchana hutazama kupitia vijichumba vya pembeni vilivyofunguliwa. Ingia, ukae chini kama kuna nafasi, uache macho yazoee. Rangi ni mbili, nyekundu na dhahabu, na viti ni karibu elfu mbili. Umbo ni la kwato ya farasi, mtindo wa Kiitaliano. Maana yake aliyekaa ubavuni anamwona wa ubavu wa pili vizuri kuliko anavyoliona jukwaa. Ukinunua tiketi rahisi ya pembeni kwa onyesho la usiku, utapoteza sehemu ya jukwaa, lakini dari utaipata yote. Kwa aliyekuja kwa ajili ya nakshi, hiyo ni biashara nzuri.

Likiwa limeshushwa, litazame pazia. Mikunjo ile mizito na nyuzi zile za dhahabu zimechorwa. Ni nguo bapa yenye picha ya pazia, iliyobuniwa na wachoraji Rubé na Chaperon kwa maelekezo ya Garnier. Limechakaa na kutengenezwa upya mara mbili, mwaka 1951 na 1996, kwa kufuata lile la kwanza. Juu yake kuna maandishi "ANNO 1669", mwaka ambao Mfalme Louis XIV aliidhinisha taasisi hii ya opera.

Kisha thurea. Ni ya shaba na fuwele, uzito wake tani 7 hadi 8, taa 340, na Garnier aliichora mwenyewe. Mei 1896 uzani mmoja wa kuisawazishia ulianguka wakati wa onyesho na kumuua mwanamke aliyekuwa amekaa juu.

Nyuma ya thurea kuna dari ya Marc Chagall. Waziri wa utamaduni André Malraux ndiye aliyemwomba, na dari ikazinduliwa Septemba 1964, Chagall akiwa na miaka 77. Ubishi ulikuwa mkubwa: mchoraji wa kisasa ndani ya jumba la karne ya 19! Usomaji wake ni huu. Pete ya nje ina maeneo matano ya rangi, na kila rangi ni nyumba ya watunzi wawili: samawati ni ya Mozart na Mussorgsky, kijani ya Wagner na Berlioz, nyeupe ya Rameau na Debussy, nyekundu ya Ravel na Stravinsky, manjano ya Tchaikovsky na Adam. Duara la ndani, linalozunguka thurea, lina Beethoven, Verdi, Bizet na Gluck. Chagua rangi moja tu ukae nayo. Ukizifuata zote kwa pamoja shingo itauma na hutakumbuka hata moja. Tafuta pia jumba lenyewe, kwani naye Chagall alilichora.

Chini ya Chagall kuna dari nyingine. Ile ya kwanza, ya Jules-Eugène Lenepveu, haikufutwa. Chagall alichora kwenye vipande vya turubai vilivyofungwa kwenye fremu iliyotangulizwa mbele yake. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaoona Chagall hapafai pale. Nilipojua kwamba kazi ya Lenepveu ipo salama nyuma yake, nikaanza kuitazama upya, na sasa ile samawati ndiyo ninayoikumbuka kwanza nikilifikiria jumba hili.

Hatua ya 8: Teremka tena

Kabla ya kutoka, rudi Rotonde des Abonnés, ule ukumbi wa mviringo wenye dari ya chini. Wageni wengi wako mbioni hapa, wanaingia au wanaelekea dukani. Simama katikati kabisa, inua kichwa. Dari imejaa mizunguko ya majani na mistari iliyosokotana kama maandishi ya kunakshiwa ya Kiarabu. Baadhi ya mistari hiyo ni herufi. Zimezungushwa duara na kupindwa hadi zikafanana na mapambo mengine, kwa hiyo utalazimika kugeuka polepole pale ulipo, ukifuata mpindo mmoja hadi mwingine. Zikishakukaa machoni zinasomeka: Jean Louis Charles Garnier, msanifu, 1861–1875.